Umeme Unapotelea Kwenye Maungio

Mama mmoja wa Dakawa aliniita: "Fundi, paneli imekufa." Nikapanda kwenye bati, nikapima, volti zimo. Nikashuka kwenye betri, nikakuta tamino imevaa kutu ya kijani. Msasa, spana, grisi kidogo, taa ikawaka. Katika miaka yangu kumi na minne ya kufunga sola Morogoro, umeme mwingi niliotafuta nimeukuta umepotelea kwenye maungio.

Ndiyo maana binti yangu anayesoma kemia aliponieleza habari za seli za sola za plastiki, hakuchoka sana. Hizi si za silikoni kama tulizozizoea. Ni molekuli za kaboni zinazoyeyushwa na kupakwa kama wino, unene wa nanomita 100 hivi. Mwaka 1986 Ching Tang wa Kodak, Marekani, alitangaza seli ya tabaka mbili iliyogeuza karibu asilimia 1 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Siku hizi zile ndogo za maabara zinacheza kwenye asilimia 20.

Mwanga ukiipiga molekuli, elektroni hubanduka na kuacha tundu. Elektroni inatakiwa itokee upande huu, tundu upande ule. Metali inayozing'ang'ania mno elektroni zake haifai upande wa elektroni, kwani hapo mpakani huota kizingiti. Zamani waliweka kalsiamu, ambayo haing'ang'anii sana, ila ikikutana na hewa, imekwisha.

Mwaka 2012 watafiti wa Georgia Tech, Atlanta, wakaleta dawa: polima iitwayo PEIE, unaichanganya na maji na kuipaka juu ya elektrodi, yaani ile metali ya kupokea elektroni. Naitrojeni zake hujishika kwenye uso wa metali na kuzipanga chaji, chanya ikielekea nje, na kizingiti kikashuka. Hata dhahabu na fedha zilikubali.

Kilichonishangaza ni kwamba PEIE yenyewe haipitishi umeme! Ni sawa na grisi yangu ya tamino. Ikiwa nanomita 10 au pungufu, elektroni hupenya. Ukiizidisha, umejifungia mlango.

Upande wa matundu hupakwa PEDOT:PSS, maji ya buluu iliyokolea yaliyowahi kutumika kwenye filamu za picha kuzuia umeme tuli. Hiyo inapitisha umeme, lakini ni tindikali, hunyonya unyevu na hutafuna taratibu elektrodi angavu iliyo juu ya kioo.

PEIE nayo ina kisa chake. Molekuli mpya zilizopandisha asilimia zina sehemu ambazo naitrojeni zile huzishambulia, kwa hiyo dawa ikageuka sumu. Watafiti wengine wameifunga naitrojeni kwa ioni za zinki ili itulie.

Hapo nikacheka. Binti akadhani sijaelewa. Nilikumbuka pampu niliyoipaka grisi ya betri kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Baada ya miezi miwili mpira wake ulikuwa umevimba kama andazi.