Nyasi za baridi zinapochomwa na jua: mfugaji afanye nini?

WAFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa katika nyanda za juu za Kenya huisifu raigrasi. Ni laini, ina protini nyingi na ng'ombe huila kwa hamu. Hata hivyo, mbegu inayostawi Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaweza kumtia hasara mfugaji wa Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ambako joto la mchana mwezi Februari hukaribia nyuzi 30. Kwa kila mita 100 unazoshuka, joto huongezeka kwa takriban nyuzi 0.6.

Raigrasi, oti, ngano na shayiri ni jamii ya nyasi za baridi. Majani yake hukua vyema kati ya nyuzi 15 na 24, na mizizi hupenda udongo wa nyuzi 10 hadi 18. Joto likizidi, sukari inayotengenezwa na jani hupungua, ilhali ile inayotumika kuuweka mmea hai huongezeka, mchana na usiku. Ni kama duka ambalo mauzo yameshuka na kodi imepanda: mmea hula mtaji wake. Mizizi ndiyo huathirika mapema. Hufupika na kufa, hivyo hata ukimwagilia, mmea hauwezi kuyanywa maji yote.

Aidha, mmea hujipoza kwa kutoa mvuke majanini. Udongo ukikauka, vitundu vya majani hufungwa na jani huzidi kupata joto.

Feskyu ndefu, yenye mizizi inayokwenda chini zaidi, huvumilia kuliko raigrasi. Lakini uvumilivu huo wakati mwingine una gharama. Kentucky 31, aina iliyoanza kusambazwa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1943, ilipendwa kwa ugumu wake. Baadaye iligundulika kwamba ukungu unaoishi ndani ya nyasi hiyo na kuisaidia kustahimili hutoa sumu. Ng'ombe huhema, maziwa hupungua, na wengine huoza ncha za mkia au miguu. Anayeuziwa feskyu aulize kama mbegu haina ukungu huo, au ina ule usiodhuru mifugo.

Linda malisho yako

Wakati wa joto, usikate wala kulisha nyasi hizi hadi chini ya sentimita 8, kwa maana majani ndiyo kivuli cha udongo. Mwagilia alfajiri, maji mengi kwa mara chache. Mbolea ya naitrojeni isubiri mvua, kwani hulazimisha majani kukua huku mizizi ikiwa hoi.

Shamba likigeuka kahawia, usikimbilie kulilima. Ng'oa mashina machache. Kitako kikiwa cheupe na kigumu, nyasi imelala tu.

Kwa maeneo ya chini, tenga sehemu ya shamba kwa nepia au Boma Rhodes, nyasi za asili ya Afrika zinazostawi hata joto likifika nyuzi 30. Oti ikatwe na kuwekwa sileji kabla ya kiangazi.

Tuseme ng'ombe watatu wanapungukiwa lita mbili kila mmoja kwa siku 60. Hizo ni lita 360. Kwa Sh50 kwa lita, Sh18,000 zimepotea. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua mbegu.