Massey ya Zamani na Nyasi za Kuuza

Massey Ferguson 135 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa 1964 hadi 1975. Nusu karne baadaye bado inalima mashamba ya Uasin Gishu na Nakuru: rangi nyekundu imepauka, kiti kimefungwa gunia, lakini injini ya Perkins ya silinda tatu inawaka asubuhi bila ubishi mwingi. Kulima inajua. Kazi huanza pale mwenyewe anapopanda nyasi za Boma Rhodes ili auze marobota, na kujiuliza anunue mashine gani ya kukatia.

Muuzaji atamwonyesha upana kwanza. Hesabu yenyewe lakini inaanzia kwenye nguvu iliyobaki. Massey 135 ikiwa mpya, injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 45 hivi, na zilizofika kwenye PTO, shafti ya nyuma inayozungusha mashine, zilikuwa chini ya 40. Kisha kuna mwinuko. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ongeza ringi na nozeli zilizochoka, mwenye trekta anabaki na farasi 30 au pungufu. Mowa ya dramu (yenye visu chini ya dramu zinazozunguka) ya upana wa mita 1.65 italitoa trekta hilo moshi mweusi. Ya mita 1.35 inalitosha.

Kati ya mashine za kukatia, slasha ndiyo rahisi kuipata, na mafundi wa jua kali huiunda kwa mabamba ya chuma na giaboksi ya kununua. Kwa kufyeka vichaka na kusafisha kati ya mistari ya miti, haina mpinzani. Kwa nyasi za kuuza ni hasara tupu. Visu vyake hukatakata bua mara mbili tatu, majani yanapukutika, vipande vifupi vinaiponyoka reki, na vumbi linaingia kwenye robota ambalo mfugaji atalilipia kama nyasi.

Tena slasha ina hatari inayowapata hasa wenye matrekta ya kale. Kwenye Ferguson TE20, Ford 8N na Massey 35 za klachi moja, PTO huzungushwa kupitia giaboksi ileile inayoendesha magurudumu. Dereva akikanyaga klachi, injini inajitenga, lakini visu vizito havisimami papo hapo. Nguvu yao inarudi kupitia shafti, inaingia kwenye giaboksi na kulisukuma trekta mbele, wakati ua au mtaro uko hatua chache tu. Dawa yake ni kiungio kinachovalishwa kwenye shafti na kupitisha nguvu upande mmoja tu. Asiyekuwa nacho asinunue slasha. Massey 135 nyingi zina klachi mbili kwenye pedali moja: ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama, ukifika chini, PTO nayo inasimama. Lakini za klachi moja zilitengenezwa pia, kwa hiyo ajaribu mwenyewe asiridhike na jina lililoandikwa ubavuni. Mwenye TE20 au 8N apime na unene wa shafti: yao ni inchi 1⅛, na mashine nyingi za leo zinataka 1⅜.

Mowa ya meno, yenye kisu kinachokwenda na kurudi, ndiyo rika la matrekta haya. Inakula nguvu kidogo. Futi sita hazilisumbui hata trekta la farasi 25, na bua linakatwa safi. Inataka mtu mvumilivu, kwani lazima meno yanolewe, ribiti zikaguliwe, na nyasi zilizolazwa na mvua huiziba kila mara. Shamba lenye vichuguu litaivunja vidole.

Hapo ndipo dramu inapostahili bei yake. Chini ya kila dramu kuna visu vidogo vilivyoachwa huru kwenye pini. Kikigonga jiwe, kisu kinajikunja nyuma, na kikiharibika kinabadilishwa kwa dakika chache. Nyasi zilizolala inazikata, kisha inaziacha katika mstari mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ile ya mita 1.35 inaweza kumaliza ekari mbili kwa saa, kugeuza kukiwemo. Shida yake ni uzito: kilo 300 na zaidi zinazoning'inia nyuma upande wa kulia. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi, hasa kwenye mteremko. Magurudumu ya mbele yabebe angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta. Yasipofika hapo, vyuma vya uzito vifungwe mbele kabla ya kingine chochote.

Akinunua iliyotumika, azungushe dramu kwa mkono na kusikiliza beringi, atazame mafuta yanakovuja, na asikubali mashine isiyo na pazia la kuzuia mawe wala kifuniko cha shafti. Ncha ya leso ikinaswa hapo, hakuna muda wa kupiga kelele. Aulize pia kama inakuja na ringi za kuinua kimo. Dramu nyingi hukata chini sana, na Rhodes inataka kuachiwa sentimita 10 hivi ndipo ichipue upya kwa mkato unaofuata.