Je, Nami Nimechaguliwa?

Somo: Luka 13:22-30

Leo twataka kunena juu ya neno moja lililowasumbua Wakristo wengi, nalo ni neno la kuchaguliwa. Je, Mungu alikwisha kuwachagua tangu asili wale watakaookoka? Na ikiwa ndivyo, mimi nimo au simo?

Swali hili si la walimu wa vyuo peke yao. Yuko mama aliyelelewa Kanisani tangu utoto wake, naye usiku hukosa usingizi kwa kuogopa kwamba labda Mungu alimpita. Yuko kijana asemaye, "Kama nimeandikiwa kuokoka nitaokoka tu, siku yangu ikifika, acheni kwanza nile ujana." Tena iko jamaa iliyotoka kumzika mtu wao, na huko makaburini wakasikia mtu akinong'ona kwamba marehemu hakuwa mmoja wa wateule. Hawa watatu wana haki ya kupewa jibu.

Kwanza na tuone Maandiko yasemavyo. Katika Waefeso sura ya 1, Paulo afundisha kwamba Mungu alituchagua katika Kristo kabla ulimwengu haujawekwa. Katika Warumi sura ya 9 asema habari za Yakobo na Esau, ya kuwa Mungu alichagua kabla watoto hao hawajatenda neno lo lote, jema wala baya. Lakini Paulo huyo huyo, akimwandikia Timotheo katika waraka wa kwanza, sura ya 2, asema kwamba Mungu ataka watu wote wapate wokovu. Naye Petro, katika waraka wake wa pili, sura ya 3, asema Bwana anakawia kwa sababu ya uvumilivu, kwa maana hapendi mtu ye yote apotee. Maneno hayo yote yamo katika Biblia moja. Hatuna ruhusa ya kuchukua nusu na kuiacha nusu nyingine.

Basi, Wakristo wamejitahidi kuyafahamu pamoja, na mara nyingi wameshindana. Mmoja wa walimu wakubwa wa jambo hili alikuwa mtu wa bara letu la Afrika, Augustino, askofu wa mji wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Siku zake alitokea mwalimu aitwaye Pelagius, aliyefundisha kwamba mtu aweza kuzishika amri za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, akitaka. Augustino alikataa kabisa. Alisema hata imani yenyewe ni zawadi. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Carthage, wakayakataa mafundisho ya Pelagius.

Miaka mingi baadaye, wakati wa matengenezo ya Kanisa, John Calvin wa Geneva aliyakazia mafundisho ya uteule wa Mungu. Kisha huko Uholanzi akatokea mwalimu Jacobus Arminius. Yeye aliona kwamba Mungu huwachagua wale ambao ajua tangu mbele kwamba watamwamini Kristo, na kwamba mtu aweza kuipinga neema. Arminius alikufa mwaka 1609. Mwaka uliofuata wafuasi wake waliandika mambo yao matano, na ugomvi ukawa mkubwa hata ukaingia katika serikali. Ndipo ikaitishwa sinodi katika mji wa Dordrecht, tangu mwezi wa Novemba 1618 mpaka Mei 1619, nayo sinodi ikayakataa mambo hayo matano.

Watu wengi wakisikia habari hizi hudhani kwamba upande mmoja walisema mtu hujiokoa mwenyewe, na upande wa pili walisema Mungu amewafungia watu mlango. Sivyo. Wafuasi wa Arminius waliandika waziwazi kwamba mtu hana imani iokoayo kutoka kwake mwenyewe. Lazima azaliwe upya na Mungu kwa Roho Mtakatifu. Nao wazee wa Dordrecht waliandika kwamba kifo cha Kristo chatosha, hata na kuzidi, kwa dhambi za ulimwengu wote, na kwamba Injili yapasa kuhubiriwa kwa mataifa yote bila kubagua. Waliandika tena kwamba mtu asiyeona bado imani yenye nguvu moyoni mwake asifadhaike wala asijihesabu kuwa ametupwa, bali aendelee kuomba, kusikia Neno na kungoja kwa unyenyekevu. Nao wazazi wacha Mungu waliofiwa na watoto wachanga waliambiwa wasiwe na shaka juu ya wokovu wa watoto hao. Mnaona, wapendwa? Katikati ya mabishano makali, wazee wale walimkumbuka mama anayelia.

Na tuchukue mfano wa pili, wa marafiki wawili: John Wesley na George Whitefield wa Uingereza. Walijuana huko Oxford wakiwa vijana. Mwaka 1739 Whitefield ndiye aliyemwita Wesley aje Bristol kuwahubiria watu nje, penye uwanja, maana wengi wao hawakuwa na desturi ya kuingia kanisani. Lakini mwaka huo huo Wesley alitoa hotuba kali ya kupinga mafundisho ya kuchaguliwa tangu asili, akaipiga chapa. Alisema kwamba mafundisho hayo yafanya mahubiri yote kuwa kazi bure. Whitefield alikuwa Marekani, naye mwezi wa Desemba 1740 akamjibu kwa barua ndefu. Alisema sisi wanadamu hatujui ni nani mteule na ni nani asiye mteule; kwa hiyo twapaswa kuwahubiria watu wote. Urafiki ukaingia ufa, na watu wao wakagawanyika.

Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya muda walipatana kama ndugu, ingawa hakuna aliyebadili mafundisho yake. Whitefield alikufa Marekani tarehe 30 Septemba 1770. Alikuwa amependa kwamba akifa, Wesley ndiye ahubiri ibada ya kumkumbuka. Ikawa hivyo, mwezi wa Novemba mwaka huo, huko London. Na tukitazama kazi yao, twaona neno la ajabu. Yule aliyeamini kwamba Mungu amekwisha kuchagua, alisimama viwanjani akawasihi watu wote waje. Yule aliyeamini kwamba neema yatolewa kwa kila mtu, naye alisimama viwanjani akawasihi watu wote waje. Mkulima aliyesimama pale akiwasikiliza alisikia mwaliko ule ule.

Sisi wa Kenya tu warithi wa pande zote mbili. Wamethodisti, watoto wa Wesley, walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Wapresbiteri, walio warithi wa Calvin kwa njia ya Scotland, walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Na tangu mwaka 1955 Makanisa hayo mawili yalishirikiana na Waanglikana kuwafundisha wachungaji wao katika chuo cha Mtakatifu Paulo, Limuru. Mababu zao walishindana kwa kalamu. Hapa kwetu watoto waliketi darasa moja.

Sasa na turudi kwenye somo letu. Bwana Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, na mtu mmoja akamwuliza kama wanaookolewa ni wachache. Tazameni jinsi Bwana alivyojibu. Hakutaja hesabu. Hakusema ni wengi, wala hakusema ni wachache. Aliwageukia wote waliokuwapo, akawaambia wajitahidi kuuingia ule mlango mwembamba kabla mwenye nyumba hajainuka na kuufunga. Mtu yule aliuliza habari za watu wengine, naye akapewa habari zake mwenyewe.

Twaamini kwamba hapa ndipo penye fundisho. Mungu hakutufunulia uteule wake ili tuwe makarani wa kuhesabu wenzetu. Ametufunulia ili yule aliyekwisha kuingia ajue kwamba alishikwa mkono, asije akajisifu.

Kwako wewe kijana usemaye kwamba ukiandikiwa utaokoka tu, kumbuka safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Merikebu ilipopigwa na tufani, malaika alimwambia Paulo kwamba wote waliomo watapona. Ahadi ilikuwa imetoka kwa Mungu mwenyewe. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alimwambia akida kwamba hao wasipokaa merikebuni, hakuna atakayepona. Mungu aliyeweka mwisho wa safari ndiye aliyeweka na njia ya kufika. Hata shambani kwako wajua kwamba mavuno yatoka kwa Mungu, lakini hujapata kumwona mtu akikaa barazani kungojea mahindi yajipande. Neno unalolisikia leo ndiyo njia ya Mungu kukufikia wewe. Usiseme kesho.

Kwako mama unayekosa usingizi, twakuomba usiitafute orodha ya majina iliyo mbinguni. Hakuna ngazi ya kukufikisha huko. Mtazame Kristo. Katika Yohana sura ya 6 asema mambo mawili katika neno moja: kwamba wote apewao na Baba watakuja kwake, na kwamba ye yote ajaye hatamtupa nje kamwe. La kwanza ni shauri la Mungu. La pili ni ahadi yako. Nawe tangu lini mtu aliyekufa amelilia kuwa hai? Hofu hiyo ya kumkosa Mungu, na kiu hiyo ya kumtaka, hukuipanda wewe moyoni mwako. Njoo kwake nayo.

Na kwenu ninyi mliofiwa, na ninyi mnaonong'ona makaburini: hukumu si yetu. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana hakuwa na sifa yo yote ya Kanisani, na kama tungalikuwa jamaa zake tungalimlilia kama aliyepotea. Lakini maneno machache kati yake na Yesu yalitosha. Hatusemi kwamba kila mtu ameokoka, maana Bwana alisema mlango utafungwa. Twasema kwamba ufunguo hatukupewa sisi. Paulo aliyeandika Warumi sura ya 9 aliianza sura hiyo kwa huzuni na maumivu ya moyo kwa ajili ya ndugu zake wasioamini. Mtu anayezungumza habari za uteule bila kuhuzunika kwa ajili ya waliopotea hajajifunza kwa Paulo.

Tena, jirani yako ambaye umekata tamaa naye, usimwache. Paulo alipoogopa huko Korintho, Bwana alimwambia usiku asinyamaze, maana katika mji ule alikuwa na watu wengi. Hawakuwa wameamini bado. Hakuna aliyewajua isipokuwa Bwana. Huenda mmoja wao yuko ng'ambo ya ua wako, naye angoja umwalike Jumapili ijayo.

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, twakushukuru kwa kuwa ulitupenda sisi kwanza. Mwenye hofu umpe amani, mwenye kuchelewa umharakishe, na waliofiwa uwafariji. Utuondolee kiburi cha kuwahukumu wenzetu, ututume kuwaita. Katika jina la Yesu Kristo, aliye mlango. Amina.