Spitfire Moja, Bei Nne

Mara ya kwanza kuipima Spitfire Mk IX ya mchezo wa kompyuta kwa saa ya simu, niliamini nimeuziwa ndege mbovu. Wenzo wa nguvu nimeusukuma hadi mwisho, pua iko juu, nahesabu sekunde kutoka mita 1,000 hadi 3,000, na sekunde haziishi. Kosa lilikuwa kwenye wenzo wa pili, ule wa mizunguko. Nilikuwa nimeuacha kwenye 2,650 kwa dakika, ilhali injini ya Merlin 66 hutoa nguvu zake za vita ikizunguka mara 3,000. Muuzaji hakuwa na kosa lolote.

Nimeanza na aibu hiyo kabla ya bei kwa sababu wengi wanaonunua michezo ya ndege za kivita huuliza jambo moja: je, inapanda kama ilivyopanda kweli? Shida ni kwamba kasi ya kupanda haina namba moja. Ni nguvu inayobaki baada ya injini kushindana na ukinzani wa hewa, ukaigawa kwa uzito. Chukua tangi peke yake. Spitfire hii hubeba galoni 85 za Kiingereza, kama lita 386, uzito wa kilo 280 hivi, katika ndege ya takriban kilo 3,400. Ukiruka na robo tangi umeshaipunguzia kama asilimia 6 ya uzito. Ndege inayopanda futi 4,000 kwa dakika humaliza mita 2,000 kwa sekunde 98. Wepesi huo tu utakuokolea sekunde tano au sita. Na hapo hujagusa aina ya petroli. Petroli ya oktani 150 ilipoanza kutumika mwaka 1944, mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini uliruhusiwa kupanda kutoka pauni 18 hadi 25 kwa inchi ya mraba, na nguvu ikatoka farasi 1,700 na ushee hadi 2,000 hivi. Watu wawili wanaweza kukesha wakibishana, huyu na ripoti ya majaribio ya pauni 18, yule na ya 25, na wote wanasema Spitfire Mk IX.

Twende dukani basi.

War Thunder ni ya bure, na kwa kuonja inatosha. Unachokilipa ni muda. Ndege mpya unakabidhiwa ikiwa dhaifu, maboresho ya injini unayafungua kidogokidogo kwa kucheza, ndipo inapanda ipasavyo. Ukiipima siku ya kwanza umeipima ndege ambayo bado haijakamilika. Ile hali ya arcade usiipime kabisa, maana humo uwezo wa ndege umetiwa chumvi kwa makusudi.

DCS World nayo inaanza bure, na unapewa TF-51D, Mustang isiyo na silaha, ya kujifunzia. Spitfire yenyewe inauzwa peke yake, bei ya kawaida dola 50 hivi. Ramani ya Normandy ni pesa nyingine, na vifaa vya Vita vya Pili vya Dunia ni pesa nyingine tena, kwa hiyo anayetaka vyote atapita dola 100 asipongoja punguzo. Mimi hapo sikubaliani na wanaosema lazima ununue vyote: kwa kupima kupanda tu, ramani ya bure ya Caucasus inatosha. Ukipakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe, si kupitia duka la Steam, unaweza kuijaribu ndege kwa siku 14 bila kulipa. Jua tu kwamba Spitfire hiyo ilitolewa ikiwa ya pauni 18, kwa hiyo usiipeleke mahakamani na ripoti ya pauni 25. Halafu kuna bando: mchezo huu unakula gigabaiti kwa makumi, na ukiongeza ramani unapita 100.

Pesa zangu ningezipeleka kwa IL-2, toleo la Bodenplatte. Kifurushi kimoja kina ndege 10, zikiwemo Spitfire, Tempest, Bf 109 K-4 na Me 262, na petroli ya oktani 150 unaichagua mwenyewe kabla ya kuruka. Ndani ya mchezo kila ndege ina maelezo yake ya kasi ya kupanda katika miinuko tofauti, kwa hiyo ahadi ya muuzaji unaisoma na kuipima papo hapo. Kwenye Steam kuna mtego mdogo: Bodenplatte inadai uwe na Battle of Stalingrad kwanza. Punguzo kubwa huja mara kwa mara, usiwe na haraka.

Mwenye kompyuta ya kizamani asidharau IL-2 1946 ya mwaka 2006, bei ya kawaida dola 10 hivi. Mambo ya injini humo ni mepesi zaidi, lakini mbinu za kupanda utajifunza.

Ukishachagua, pima hivi: joto nyuzi 15, hakuna upepo, tangi lijae, mizunguko 3,000, mwendo ushike maili 160 kwa saa kwenye kipimo, na saa uibonyeze ukipita mita 1,000, si ukiwa bado unanyanyua pua. Rudia mara tatu. Ukiwa kwenye ramani ya Stalingrad ya majira ya baridi, ile ya IL-2, badilisha hali ya hewa kwanza. Baridi ile hufanya hewa iwe nzito, injini inavuta vizuri kupita kawaida, na utaisifu ndege kwa kazi iliyofanywa na theluji.