Mvulana au Msichana? Kwanza Afya ya Mama

Ndugu wakulima wa skimu, wengi wenu mna vijana waliooa na kupanga nyumba mjini, na baadhi yao wanakaa Huruma, upande wa mashariki wa Nairobi. Mke wa kijana akishika mimba, maneno huanza. Akitapika sana, husemwa ni msichana. Tumbo likichongoka, husemwa ni mvulana. Na akizaa wasichana watatu mfululizo, lawama zote ni zake. Yafaa tujue ukweli.

Ni nani aletaye mvulana au msichana? Mwaka 1905 Bibi Nettie Stevens wa Marekani alichunguza wadudu wanaokula unga ghalani. Akaona kwamba mbegu za dume ni za namna mbili, lakini mayai ya jike ni ya namna moja tu. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, na kwa binadamu pia. Mbegu ya baba ndiyo inayoamua, wala baba mwenyewe hawezi kuichagua. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa kuzaa wasichana ni kama mkulima aliyepanda maharagwe, kisha akaigombeza ardhi kwa kutoota mahindi.

Je, dalili zile ni za kweli? Umbo la tumbo hutokana na mwili wa mama na jinsi mtoto alivyolala. Kuhusu kutapika, uchunguzi wa Sweden uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wanawake waliolazwa hospitali kwa kutapika sana walizaa wasichana zaidi kidogo. Lakini wengine wengi kati yao walizaa wavulana, kwa hiyo huwezi kubashiri. Hatari ni kusema, "Ni msichana huyo, mwacheni," huku mama hawezi kuweka hata maji tumboni. Huyo apelekwe hospitali upesi.

Wavulana nao huzaliwa wengi kidogo, kama 105 kwa kila wasichana 100. Lakini huzaliwa kabla ya wakati mara nyingi zaidi, na mvulana wa namna hiyo huwa dhaifu kuliko msichana wa umri ule ule. Hata hivyo, matunzo ya mimba ni yale yale kwa wote wawili:

1. Mama aende kliniki kabla ya wiki 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri aonane na wauguzi mara nane.

2. Ameze kila siku vidonge vya kuongeza damu anavyopewa.

3. Ale vizuri. Mkipeleka viazi mjini, tieni na maharagwe, mayai na mboga za majani.

4. Apunguziwe kazi. Nyumba nyingi za Huruma ni za ghorofa zenye ngazi ndefu. Mume na abebe mitungi ya maji.

5. Akitoka damu, akiumwa kichwa sana, akiona ukungu machoni, akivimba uso na mikono, akipata homa, au mtoto akiacha kucheza, asingoje asubuhi. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, haiko mbali na Huruma.

Mkulima mwema haulizi ndama atakuwa dume au jike kabla hajamlisha ng'ombe mwenye mimba. Je, mke wa mwanao si zaidi ya ng'ombe?