Uvimbe wa Kansa Huita Damu

Twajua ya kuwa viungo vyetu vyote hulishwa na damu. Uvimbe wa kansa nao ni vivyo hivyo: pasipo mishipa haukui kupita milimeta 2 hivi. Mganga Judah Folkman wa Boston, Marekani, aliyaandika hayo mwaka 1971, wengi hawakumsadiki.

Uvimbe hutuma mjumbe kuita mishipa mipya. Lakini mishipa hiyo, ajabu, ni mibovu! Penye afya, mishipa myembamba hukumbatiwa na chembe ziitwazo perisiti, kama pete za chuma zishikavyo pipa. Penye uvimbe zimelegea: damu yavuja, dawa haifiki vema, na chembe za kansa zapata njia ya kutoroka.

Mwaka 2004 Marekani ilikubali bevasizumabu, dawa imzuiayo mjumbe yule. Pamoja na dawa nyingine, iliwaongezea wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana miezi kama 5 ya maisha.