Upepo wa tairi: Mchangani shusha, lami jaza!

Vijana wa mjini tukipata gari la fowili, hata la kuazima kwa shemeji, tunajiona tumefika. Muziki juu, kioo chini, safari ya Bagamoyo, au mfuko ukiruhusu, mbugani kabisa. Lakini hebu muulize huyo bishoo matairi yake yana upepo kiasi gani. Atakujibu, "Fundi alijaza." Alijaza ngapi? Hajui!

Jamani, upepo huo ndio unaoamua kama utalala kwako au utalala porini ukisikiliza fisi.

Kanuni yenyewe wala haina mambo mengi. Mwangalie dada aliyevaa mchuchumio pale Coco Beach: kisigino chote kinazama. Akivaa kandambili, anatembea zake. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Uzito wa gari ni ule ule, ila ukishusha upepo tairi linalala, linakanyaga eneo kubwa zaidi, hasa kwa urefu. Mchanga unalibeba badala ya kulimeza.

Novemba 2019 tulikuwa watu watano porini mkoani Iringa, tukafika kwenye korongo pana la mchanga mtupu. Dereva wetu, kijana mwenzangu, akaingia kwa mbwembwe. Katikati gari likakaa. Akaongeza moto, likazama hadi ekseli. Huku milimani radi zimeshaanza kupiga, na aliyekulia bara anajua: korongo kavu hujaa maji ya mvua iliyonyesha mbali, wewe uliko hata tone halijadondoka.

Kwa bahati tulikuwa na mzee mmoja, dereva wa malori wa siku nyingi. Akamwambia, "Acha moto, mwanangu, unatuchimbia kaburi." Akachukua geji, akashusha matairi yote manne kutoka 35 hadi 18. Tukafukua mchanga mbele ya magurudumu, fowili ikawekwa kwenye low, gia ya pili, mguu mwepesi. Gari likatoka taratibu kama bibi harusi. Ng'ambo tukajaza upepo kwa pampu, safari ikaendelea.

Na mbinu hii si ya juzi. Mwingereza Ralph Bagnold, aliyekuwa akikata jangwa la Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, alishusha upepo wa matairi ili apite mchangani. Kwenye Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na lori la kuogelea liitwalo DUKW, ambalo dereva aliweza kupunguza na kuongeza upepo akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Sasa chukua kalamu. Kwa fowili ya kawaida, anzia hapa, kwa kipimo cha PSI:

Lami: fuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Mara nyingi ni 30 hadi 36, na ukibeba mzigo mzito inaongezeka.

Rafu rodi yenye mikunjo: 26 hadi 28. Gari halirukiruki, na mawe madogo hayalitoboi tairi kirahisi.

Tope, hasa ule udongo mweusi wa mbuga: 20 hadi 25.

Mchanga laini: 15 hadi 20. Chini ya 15 usishuke ila umenasa kweli kweli, maana ukikata kona kwa nguvu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Kama gari limejaa watu na mizigo, usishushe sana.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likipata moto upepo unapanda, kwa hiyo ukipima barabarani geji itakuambia mengine. Na tairi la spea usilisahau, kwani siku ukilihitaji ndiyo siku utakayolikuta limelala.

Hatari kubwa iko mwisho wa safari. Umetoka mchangani, umeona lami, unakanyaga mafuta ukiwahi mechi. Wee! Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi linajikunja pembeni, linapata joto, mwisho linapasuka. Kupasukiwa na tairi ukiwa kilomita 100 kwa saa si stori ya kijiweni, maana huenda msimuliaji asiwepo. Ukiwa na 18 nenda polepole, kilomita 30 kwa saa zinatosha, na kabla ya kugusa lami simama ujaze.

Huna pampu? Basi usishushe upepo, na bora usiingie mchangani kabisa. Pampu ndogo za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari ziko kwenye maduka ya vipuri Kariakoo, pamoja na geji. Kabla hujanunua spika nyingine, pitia huko kwanza.